Nauli ya usaili na "mtu wa Dodoma"

Matangazo ya kuitwa kwenye usaili wa kazi za Serikali yana sharti moja ambalo vijana wengi wa mijini hulipita bila kulisoma: kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Huko Lugarawa, wilayani Ludewa, sharti hilo ndilo husomwa kwanza. Wazazi huketi wakapiga hesabu ya nauli mpaka Njombe, kutoka Njombe mpaka Makambako, kisha Iringa, kisha Dodoma, na ya kurudi. Halafu hutazama magunia ya mahindi na viazi yaliyomo ndani, wakaulizana ni mangapi yatakayouzwa.

Mama mmoja wa huko, muumini mwenzetu, alitusimulia habari za binti yake mwenye stashahada ya uhasibu. Alikuwa amekwishakwenda Dodoma mara tatu. Mara ya kwanza hakuvuka mchujo. Mara ya pili alirudishwa mlangoni kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinamwita Hadija na cheti cha kidato cha nne kinamwita Khadija. Mara ya tatu alivuka mchujo, akaishia kwenye mahojiano. Alipokuwa akijiandaa kwa mara ya nne, akatokea kijana mwenye maneno laini, akasema ana mtu wake Dodoma, na kwamba kwa shilingi laki sita jina la binti halitakosekana kwenye orodha.

"Ustadhi, ng'ombe nilikuwa nimeshamfunga kamba nimpeleke mnadani," alituambia.

Tusiharakishe kumlaumu mama huyu. Tujiulize kwanza ni kitu gani kilichomfanya mtu mwenye akili zake, asiyekosa swala, amwamini kijana yule kuliko tangazo la Serikali. Jibu linatokana na yale ambayo wananchi wameyaona kwa macho yao. Zamani kila taasisi ya umma ilijiajiria yenyewe, na kijana asiye na mjomba ofisini alijua thamani ya barua yake. Ndiyo maana Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 ilirekebishwa mwaka 2007, ikaundwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ili mwombaji apimwe na chombo kimoja na kwa vigezo vilivyotangazwa. Lilikuwa jambo jema, nasi tunalisifu.

Hata hivyo mwaka 2014 Taifa zima liliona vijana zaidi ya 10,000 wakiketi katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Ndani ilisimamisha ajira nyingine 200 za idara hiyo baada ya malalamiko kwamba zimetolewa kwa ndugu na jamaa wa watumishi. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma majina ya watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Watu hao walikuwa wameingia kazini kwa mlango fulani, na kila mlango una bawabu wake. Tulisikia mengi mno juu ya waliopita. Juu ya waliowafungulia tulisikia machache.

Na uhaba wenyewe haujapungua. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walizidi 135,000, yaani zaidi ya watu 80 kwa kila nafasi moja. Penye kiu ya namna hiyo, muuza maji ya uongo hakosi mteja.

Katika mirathi tuliyoachiwa na waliotutangulia, jambo la kuwasimamia wasimamizi si geni. Khalifa Umar bin Khattab, Allah amridhie, alipomteua gavana aliandika orodha ya mali yake kabla hajaondoka, na aliporudi na ziada isiyoelezeka alimhoji. Malalamiko ya raia yalipomfikia, alimtuma Swahaba Muhammad bin Maslama aende akachunguze papo hapo, mbele ya watu, wala hakusubiri ripoti ya gavana mwenyewe. Tunachokipenda katika utaratibu ule ni kwamba jicho kali lilielekezwa kwa mwenye madaraka kabla ya kuelekezwa kwa mwombaji.

Kwetu vyombo vipo. Tume ya Utumishi wa Umma ina jukumu la kukagua kama waajiri wanafuata sheria. TAKUKURU inapokea taarifa kwa simu ya bure, namba 113. Bunge lina kamati zake. Tunachokiomba ni kwamba usimamizi wao uonekane na mama wa Lugarawa. Alama za mchujo hubandikwa kwa namba ya msailiwa, kila mtu akaziona, na jambo hilo limepunguza manung'uniko mengi. Mahojiano ya ana kwa ana ndiyo yanayohitaji ulinzi zaidi, kwani hapo mtu hupimwa kwa maoni ya watu wachache waliokaa nyuma ya meza. Msailiwa aelezwe alama zake hata kama ameshindwa. Mjumbe wa jopo mwenye undugu na msailiwa atamke na kuondoka. Na pale udanganyifu unapothibitika, tutangaziwe na aliyefungua mlango, si aliyepita peke yake. Serikali ikifanya hivyo, yule kijana wa laki sita atakosa cha kuuza.

Upande wetu nasi kuna la kusema. Maombi ya kazi katika mfumo wa Sekretarieti hayalipiwi hata senti. Anayedai pesa kwa ajili ya jina, basi ama ni tapeli ama ni mla rushwa, na katika dini yetu mtoaji na mpokeaji wote wamo katika onyo moja. Sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia rushwa nayo inawahesabu wote wawili kuwa wakosaji. Na wazazi wenye mabinti wafahamu kuwa sheria hiyohiyo, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa ni kosa. Binti anayedaiwa mwili wake ili apate kazi asinyamazishwe nyumbani kwa kuogopa aibu. Aibu ni ya aliyedai.

Jambo moja limetufurahisha. Hivi karibuni Sekretarieti imeanza kufanyia sehemu ya usaili mikoani. Safari ya nne ya binti wa Lugarawa iliishia Njombe mjini. Alilala kwa shangazi yake, akarudi kesho yake. Ng'ombe alifunguliwa kamba. Mama alikwishakataa kumlipa yule kijana, baada ya mumewe kumuuliza swali moja tu: huyo mtu wa Dodoma anaitwa nani? Kijana hakuwa na jibu, na simu yake haipatikani tena. Binti bado anasubiri majibu.

Kuhusu jina lake, alilazimika kwenda kwa wakili kutengeneza hati ya kubadili jina na kuisajili, kwa gharama iliyokaribia nauli ya safari nzima. Tunawaomba wazazi wenye watoto wadogo wachukue vyeti leo, cha kuzaliwa na cha shule, waviweke pamoja mezani na kusoma herufi kwa herufi. Ramadhan na Ramadhani, Mohamed na Muhammad, Hadija na Khadija: kwetu ni jina moja, lakini kwa karani aliye mlangoni ni watu wawili. Mwalimu mkuu anaweza kulisahihisha jina mapema, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa Taifa. Baada ya hapo huwa ni kazi ya wakili.