Silaha Isiuzwe kwa Awamu

Anayesafiri kwa Barabara ya Morogoro kutoka Kibamba hadi Mlandizi husindikizwa na mabango ya viwanja njia nzima. Kuna namba ya simu, kuna picha ya nyumba ambayo bado haijajengwa, na kuna ahadi inayojirudia: lipa kidogo kidogo. Upande wa Kisarawe mambo ni hayohayo, tangu milima ya Pugu hadi njia ya Maneromango. Mwenye kianzio anaoneshwa mipaka ya kiwanja chake, na salio analimaliza kwa miezi.

Awamu zimeinua watu wengi katika wilaya za Kibaha na Kisarawe. Kijana wa Maili Moja anaendesha pikipiki ya mkataba, anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na siku mkataba ukiisha anakabidhiwa kadi, chombo kinakuwa chake. Fundi wa Kongowe alipata cherehani kwa mtindo huo. Simu, taa za sola, makochi, vitenge na mabati vinaingia majumbani kwa rejesho la wiki au la mwezi. Mtu wa kipato kidogo asiyeweza kulipa kwa mkupuo angekaa bila vitu hivi maisha yake yote, na hakuna sababu ya kumbeza anayekopa ili aezeke nyumba. Toleo hili halina ugomvi na mkopo. Hoja yake inahusu bidhaa moja tu, ambayo sheria inapaswa kuiondoa kabisa katika biashara ya kianzio na marejesho, tena iiondoe mapema kabla biashara hiyo haijapata wateja na watetezi wake. Bidhaa hiyo ni silaha ya moto.

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Msingi wake ni kwamba silaha haiwi mali ya mtu kwa sababu tu ana fedha ya kuinunua. Anayeitaka huanzia serikali ya mtaa au ya kijiji, ombi lake likapita kwa polisi na kwenye kamati za ulinzi na usalama, akaulizwa tabia yake, akaulizwa anaitaka ya nini. Kibali kikitoka kina jina la mtu mmoja na silaha moja yenye namba yake. Mwaka 2016, serikali ilipoendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, Rais John Magufuli naye alihakikiwa za kwake. Ujumbe ulieleweka mpaka vijijini: silaha lazima ijulikane ni ya nani na iko wapi.

Hapo ndipo awamu zinapogongana na sheria. Katika ununuzi wa awamu, mara nyingi mali hubaki ya muuzaji mpaka senti ya mwisho ilipwe: mmoja anaitumia, mwingine anaimiliki. Kwa pikipiki hilo halina madhara makubwa, kadi inakaa kwa tajiri na dereva anabaki na funguo. Kwa bastola ni hatari. Kibali kina jina la mtumiaji, na mkataba una jina la mwenye mali. Mmoja wao amechunguzwa na kamati, na mwingine amechunguza tu uwezo wa mteja wake wa kulipa. Bastola hiyo ikitumika vibaya katika mwezi wa nne wa mkataba wa miezi kumi na miwili, kila upande utakuwa na karatasi ya kumsukumia mwenzake lawama.

Halafu kuna siku ambayo rejesho linakosekana. Wakazi wa Kibaha wanaijua siku hiyo vizuri. Wanawajua wakopeshaji wa kausha damu wanaofika nyumbani na gari la kubebea vitu, wakaondoka na televisheni, makochi na jiko la gesi huku majirani wakitazama. Wanajua kadi za benki zinazowekwa rehani pamoja na namba ya siri. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018 ili kuleta utaratibu katika eneo hilo, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hatua hizo ni nzuri. Lakini anayekopesha bila leseni hachagui dhamana, anachukua chochote chenye thamani. Silaha ina thamani, inashikika mkononi, inafichika, na soko lake la gizani halilali. Mkopeshaji atakayebeba bunduki ya mdaiwa atakuwa ameihamishia kwa mtu asiye na kibali, na yule mdaiwa, kwa aibu au kwa hofu, hatakwenda kituoni kuripoti.

Tena huyo anayekwenda kudai anamdai mtu mwenye silaha. Hili si jambo la kubuni. Tarehe 12 Mei 2023, katikati ya Kampala, askari polisi aliingia katika ofisi ya mkopeshaji wake, wakabishana kuhusu salio la deni, akampiga risasi na kumuua. Deni lililotajwa lilikuwa shilingi milioni 2.1 za Uganda, kiasi ambacho mfanyabiashara wa kati wa Kariakoo angeweza kukikopa asubuhi na kukirudisha jioni. Bunduki yenyewe hakuinunua kwa mkopo, ilikuwa ya mwenzake kazini. Hata hivyo mauaji yale yanaonesha kinachotokea deni lililomchosha mtu linapokutana na silaha iliyo karibu na mkono wake. Anayeuza bunduki kwa awamu anavikutanisha viwili hivyo kwa mkataba, siku ileile ya kwanza.

Pwani hii ilishaonja biashara ya silaha kwa mali kauli, na ilidumu miaka mingi. Katika karne ya 19 wafadhili wa Unguja, Taria Topan akiwa miongoni mwa waliotajirika zaidi, waliwakopesha viongozi wa misafara nguo, shanga, baruti na bunduki. Misafara ilivuka kutoka Bagamoyo, ikapita Uzaramo, nchi ambayo leo ndani yake zimo Kisarawe na sehemu ya Kibaha, ikaelekea bara na kurudi baada ya miaka na pembe za ndovu za kulipia deni pamoja na faida yake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeeleza maisha yake kwa Kiswahili na kwa maneno yake mwenyewe, hakuficha jinsi safari zake zilivyotegemea mikopo ya wafanyabiashara wa Unguja. Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu, anaonesha jinsi mkopo huo ulivyoifunga biashara nzima ya bara kwa wenye mitaji wa Unguja.

Deni lile lilikuwa na matokeo yake. Aliyechukua bunduki kwa mali kauli hakuweza kurudi mikono mitupu. Pembe zisipopatikana kwa kununua, zilitafutwa kwa kupiga. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshambulia Nsama, mtawala wa Itabwa, akamshinda na kuchukua hazina yake ya pembe. Silaha iliyokopwa ilitakiwa ijilipe yenyewe, na njia ya bunduki kujilipa inajulikana. Mwaka 1888 konsuli wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Brussels ulizuia uingizaji wa silaha katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Wakoloni walikuwa na lao, kwani bara lisilo na bunduki lilikuwa rahisi kutawalika. Lakini marufuku ile ilikuja wakati vijiji vingi vya bara vilikuwa vimekwisha kuchomwa.

Nje ya Afrika, nchi ambayo imeiacha biashara hii ikue ni Marekani. Kule zipo kampuni za fedha, Credova ni mojawapo, ambazo mteja wa duka la silaha anaweza kuzitumia kuchukua bidhaa leo na kulipa kwa vipande. Kadi za mkopo zilitangulia. Kijana aliyeua watu 32 katika chuo kikuu cha Virginia Tech Aprili 2007 alikuwa amenunua bastola ya Glock mwezi mmoja kabla, kwa dola 571, kwa kadi ya mkopo. Muuaji wa Orlando, aliyechukua maisha ya watu 49 mwezi Juni 2016, alitumia zaidi ya dola 26,000 kwa kadi katika siku chache kabla ya shambulio, kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa na gazeti la New York Times mwaka 2018. Alikuwa amefungua kadi mpya sita. Kwa mshahara wake asingeweza kununua vyote vile kwa fedha taslimu, na deni halikumtisha kwa sababu hakuwa na nia ya kuishi alilipe.

Hapo pana jambo ambalo wabunge wanapaswa kulitazama kwa makini. Marejesho humwogopesha mtu anayefikiria mwakani. Anayepanga kuua, au kujiua, hafikirii mwakani. Kwa hiyo mkopo unamsaidia zaidi yule ambaye sheria inataka kumzuia. Kuweka akiba kunachukua muda, na muda una kazi yake. Watafiti watatu wa Marekani walionesha mwaka 2017 kwamba majimbo yaliyomtaka mnunuzi asubiri siku kadhaa kabla ya kukabidhiwa silaha yalipunguza mauaji ya bunduki kwa takriban asilimia 17. Kama siku chache tu zina nguvu hiyo, miezi ya kudunduliza kwenye kibubu au kwenye kikundi cha hisa haiwezi kuchukuliwa kuwa usumbufu wa bure kwa mnunuzi.

Pingamizi zito zaidi litatoka kwa mkulima wa Kisarawe, na anastahili kusikilizwa. Nguruwe pori wanamaliza mihogo yake kwa usiku mmoja. Nyani wanang'oa mahindi mchana. Atauliza kama sheria hii haitawaachia silaha wenye fedha peke yao, na yeye aendelee kupiga debe gizani shambani. Jibu la kweli ni kwamba mkulima huyo haondolewi njaa kwa kuuziwa bunduki ya mkopo. Akivuna vibaya mwaka mmoja, mkopeshaji atakuja kwa bunduki na kwa shamba pia. Ulinzi wa mazao ni wajibu wa umma. Nchi ina askari wa wanyamapori, ina vijiji vinavyoweza kuwa na askari wao waliofunzwa, na tangu mwaka 2011 ina kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioharibiwa mali au kupoteza ndugu kwa wanyama wakali. Kama malipo hayo yanachelewa na askari hawafiki, huko ndiko Halmashauri ya Kisarawe ibanwe, na mbunge wake abanwe. Huyo huyo mkulima anajua pia ugomvi wa mashamba na mifugo unavyowaka ghafla, na atakuwa wa kwanza kukiri kwamba hataki kuona kila upande ukifika malishoni na bunduki ya kulipia polepole.

Mkoa wa Pwani hauhitaji kuhubiriwa juu ya silaha. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, karibu na njia ambayo watu wa Kisarawe huipita kila siku kwenda mjini, kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikaporwa. Baadhi zilipatikana baadaye zimefichwa Mkuranga. Aprili 13, 2017 askari wanane waliuawa kwa siku moja Kibiti, na kwa miezi mingi viongozi wa vijiji wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga walikuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine. Mwandishi wa Mwananchi aliyeandika habari hizo, Azory Gwanda, alitoweka Novemba mwaka huohuo. Silaha zile hazikuuzwa kwa awamu. Lakini mkoa uliopita kwenye miaka ile una haki ya kutaka kila mlango wa silaha ufungwe, pamoja na ule ambao bado haujazoeleka.

Kinachohitajika katika sheria ni maneno machache. Silaha ya moto na risasi zake viuzwe kwa malipo kamili kabla ya kukabidhiwa. Mkataba wowote wa kuuza silaha kwa awamu, au wa kuiweka rehani, uwe batili, na mkopeshaji aliyeuandika awe na kosa la jinai, kwa sababu adhabu ikimwangukia mdaiwa peke yake mikataba itaendelea kuandikwa. Benki Kuu iliingize katazo hilo katika masharti ya leseni za wakopeshaji, na vyama vya akiba na mikopo viliandike katika masharti yao. Kampuni za ulinzi, ambazo kazi zao zinaongezeka kadiri viwanda vinavyosogea Kibaha na Kwala, zikope kwa dhamana ya magari na mikataba yao ya kazi, na silaha zao zisiguswe na mdai yeyote hata kampuni ikifilisika. Zirudishwe polisi siku hiyo.

Hata kabla ya Bunge kukaa, kuna linalowezekana. Ofisi za mitaa ya Kibaha na vijiji vya Kisarawe ndizo zinazomwona mwombaji kwanza, na wenyeviti wake mara nyingi wanajua nani anadaiwa na nani, kuliko benki yoyote. Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya inaweza kumuuliza mwombaji swali moja zaidi, fedha ya kununulia silaha inatoka wapi, na ikataka jibu liandikwe, lisainiwe na mwombaji na shahidi wake, na libaki kwenye faili.