Kocha na Kabati Tupu

Nilifika Basel Septemba 2023 kusoma shahada ya uzamili ya epidemiolojia. Kijerumani changu kilikuwa cha kusalimia na kushukuru tu, lakini habari kubwa ya mji ule niliielewa bila mkalimani: kocha ametimuliwa. Timo Schultz aliajiriwa na FC Basel kiangazi hichohicho, na hata Oktoba haikumkuta kazini. Jikoni kwenye hosteli yetu kijana mmoja mzaliwa wa Basel, skafu nyekundu na bluu shingoni, aliniinulia glasi. Sasa mambo yatakaa sawa, akasema.

Hayakukaa sawa. Aliyeshika nafasi ni Heiko Vogel, ambaye mpaka siku ile alikuwa mkurugenzi wa michezo, yaani mtu mwenye kazi ya kujenga kikosi kilekile ambacho Schultz alifukuzwa kwa kushindwa kukiendesha. Alipoteza mechi, akapoteza nyingine. Oktoba inaisha, Basel iko mkiani mwa msimamo wa ligi, na kocha wa tatu wa msimu, Fabio Celestini, anashuka kwenye gari kupigwa picha. Hii ni klabu iliyobeba ubingwa wa Uswisi mara 8 mfululizo, 2010 hadi 2017. Ndiyo iliyomtoa Mohamed Salah Misri na kumwingiza Ulaya.

Mnajua yaliyofuata. Celestini akaiokoa timu isishuke daraja, na msimu uliofuata, 2024/25, akachukua ligi na kombe. Tangu hapo kila nikikaa na mashabiki wa Basel nasikia hadithi moja: mnaona? Walifukuza, wakafukuza tena, mpaka wakampata mtu. Ukiuliza mbona walifukuza wawili ndani ya wiki chache, wanakuonyesha kombe.

Hadithi hiyo ni ya uongo. Au niseme kwa upole, imeanzia katikati.

Ianzieni Mei 2023. Basel wako nusu fainali ya Conference League, nyumbani, na Fiorentina wanawatoa katika dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Kwenye kikosi kile walikuwamo Zeki Amdouni, Andy Diouf, Dan Ndoye na Riccardo Calafiori. Dirisha la usajili lilipofungwa, Amdouni yuko Burnley, Diouf yuko Lens, Ndoye na Calafiori wote wawili wako Bologna. Mwaka mmoja baadaye Bologna imefuzu Ligi ya Mabingwa, Ndoye ameifunga Ujerumani kwenye Euro akiwa na jezi ya Uswisi, na Calafiori amenunuliwa na Arsenal. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba walioondoka walikuwa wa kawaida. Schultz alikabidhiwa timu iliyochomolewa uti wa mgongo, akapewa vijana ambao bado walikuwa wanaulizana majina, kisha akaambiwa aanze na mechi za kufuzu Ulaya. Wakatolewa na Tobol ya Kazakhstan. Aibu ile akabandikwa yeye.

Nina sababu yangu ya kukasirika, na si ya mpira. Mama yangu alikuwa mganga mfawidhi wa zahanati moja ya kijijini, jina lake naliacha. Mvua za masika zikija, malaria inakuja nazo, na mwaka mmoja dawa mseto iliisha katikati ya msimu. Alikuwa ameandika kuomba, akaandika tena. Watoto wakazidiwa, wazazi wakalalamika kwa haki kabisa, na wakubwa wakaja na gari. Kikao kilichukua asubuhi moja. Mama akahamishwa, akaletwa mganga mpya, mtu mwema tu. Wiki tatu baadaye dawa ikafika kwa utaratibu wake wa kawaida, na mvua nazo zikapungua. Kijiji kizima kikasema yule mpya ana mkono mzuri. (Dawa mseto yenyewe, ile tunayoijua kwa jina la Coartem, ni ya kampuni yenye makao makuu papa hapa Basel, kando ya mto Rhine. Nikipita na baiskeli huwa natazama majengo yale na kumfikiria mama na kabati lake tupu.)

Kwa hiyo niliposikia glasi zikigongana jikoni, sikuweza kufurahi.

Darasani jambo hili lina jina: kurudi kwenye wastani. Mgonjwa huja hospitali homa ikiwa kileleni. Ukimpa maji ya sukari siku hiyo, kesho wengi watakuwa na nafuu, si kwa sababu ya sukari bali kwa sababu kileleni hakuna pa kwenda ila chini. Klabu nazo hufukuza makocha zikiwa shimoni. Mchumi wa Kiholanzi, Bas ter Weel, alichambua ligi ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004 na kufanya jambo rahisi ambalo wachambuzi wetu wa redioni hawalifanyi: alizilinganisha timu zilizofukuza kocha na timu zilizoporomoka vilevile lakini zikamwacha wa kwao. Zote zilipanda. Zilizomvumilia kocha zilipata nafuu ileile.

Kama takwimu zinakuchosha, chukua mtu mmoja, Patrick Rahmen. Februari 2022 alikuwa kocha wa Basel, timu iko nafasi ya pili, akafungashiwa virago. Msimu wa 2023/24, huu tunaouzungumzia, yuko Winterthur, klabu ndogo yenye uwanja mdogo, na anaipeleka nafasi ya 6. Basel walimaliza wa 8. Soma tena: kocha waliyemwona hafai alimaliza juu yao, akiwa na bajeti ambayo Basel wangeweza kuipoteza mfukoni. Kiangazi cha 2024 mabingwa Young Boys wa Bern wakamchukua. Akawaingiza Ligi ya Mabingwa kwa kuwapiga Galatasaray nyumbani na ugenini, lakini ligi ya nyumbani ikaanza vibaya, na Oktoba kibarua kikaota nyasi. Je, akili ya Rahmen ilikuwa mbovu Basel, ikapona Winterthur, ikaugua tena Bern? Young Boys haohao, miezi saba kabla, walimfukuza Raphaël Wicky wakiwa wanaongoza ligi, kisha wakatwaa ubingwa na kaimu wake. Kuna wanaosema hiyo ilikuwa hekima. Wangeukosa je? Wangesema Wicky aliiacha timu imeoza. Hakuna matokeo ambayo yangewakosoa waliofukuza, na mimi nimefundishwa kuitilia shaka kila nadharia ambayo haiwezi kukosolewa na chochote.

Utaniambia kuna makocha wabovu. Wapo. Wapo wanaopoteza chumba cha kubadilishia nguo, wapo wanaopanga timu kwa chuki, na wapo wanaofundisha mpira wa mwaka 1995. Sisemi kila kocha apewe mkataba wa milele. Nasema huwezi kumpima mtu kwa wiki chache juu ya kikosi ulichokiuza wewe. Na sisi tuliolelewa na Simba na Yanga hatuna ubavu wa kuwacheka Waswisi: Novemba 2024 Yanga waliachana na Miguel Gamondi, aliyewapa ligi miezi michache tu nyuma, na mashabiki kibao mitandaoni wakaona ni sawa.

Turudi kwa Celestini, maana ubingwa wake ndio silaha ya wapinzani wangu. Msimu wake wa kwanza aliishia nafasi ya 8. Ya 8, Basel! Kwa kipimo walichompimia Rahmen, na hata alichopimiwa Schultz, mtu huyu alikuwa amekalia kuti kavu na angepaswa kuondoka Mei 2024. Safari hii wenye klabu, Rais David Degen na wenzake, walifanya jambo ambalo hawakuwa wamelizoea: hawakufanya kitu. Walimwacha apate kiangazi kizima cha mazoezi. Kisha Agosti wakamrudisha Xherdan Shaqiri, mtoto wa klabu aliyeondoka 2012, naye akafunga mabao 18 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Nawapa heshima yao kwa yote mawili. Lakini angalieni kilichotokea kweli: kocha aliachwa na kikosi kikaongezwa. Ni kinyume kabisa cha 2023, waliponyofoa kikosi na kumfukuza kocha. Kombe linalotumika kutetea ufukuzaji lililetwa na msimu ambao hawakufukuza mtu.

Mei 2025 nilikuwa Barfüsserplatz usiku ule wa ubingwa, nimebanwa katikati ya watu na moshi mwekundu, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sijifanyi mtakatifu wa takwimu. Juni mosi wakaifunga Biel, timu ya daraja la tatu, 4-1 katika fainali ya kombe. Yule kijana wa skafu alinikumbatia akanikumbusha maneno yake ya jikoni. Nilimkumbusha jina la Schultz. Ilibidi afikirie kidogo.

Baada ya hapo Celestini mwenyewe akaamua kuondoka, akaenda CSKA Moscow, na Ludovic Magnin akatambulishwa. Kocha mpya, msimu mpya. Kwenye tramu namba 14 ya kuelekea uwanjani tayari nimesikia wazee wawili wakibishana apewe mechi ngapi. Mmoja alisema tano, mwenzake akasema kumi.

Jioni ile nilimpigia mama, sasa yuko kituo kingine, nikamweleza habari za kocha mpya kwa sababu huwa ananivumilia. Hajui mpira. Aliuliza swali moja tu: "Na wale wachezaji wazuri, wamewabakiza?"

Nilimwambia dirisha bado liko wazi.