Ulizeni Mwezi wa Mei Walikula Nini

Kuna aina ya video imejaa kwa simu zetu siku hizi, na leo nataka tuiongelee bila kuipaka rangi. Ni ile ya kapo ya miaka ishirini na kitu imechoka na Nairobi, ikarudisha keja kwa mwenye nyumba, ikaenda ocha. Baba amevaa gambuti, mama amebeba mtoto mgongoni na kikapu cha mboga mkononi, kuku wanapita hapo nyuma, droni inapanda juu kuonyesha shamba lote likiwa kijani. Halafu yanakuja maneno: tuliacha kazi na hatujawahi kujuta.

Sina shida na hio kapo. Sina shida na ocha pia, juu kama kuna kitu hii nchi inahitaji ni vijana wengi zaidi kwa shamba. Shida yangu ni moja. Shamba liko na miezi 12, na sisi tunaonyeshwa mitatu. Tunaonyeshwa mimea ikiwa imemea vizuri, tunaonyeshwa siku ya kuvuna, basi. Na kuna watu wanaacha kazi, wanachukua mkopo wa sacco na kuhamisha watoto kwa hesabu ya hio miezi mitatu.

Wacha tuchukue waru, juu hapo hakuna mtu hajakula chipo. Twende Nyandarua, Kinangop hivi, mahali pakubwa pa viazi nchini.

Januari shule zimefunguliwa na karo inatakikana. Asubuhi zingine kuna barafu kwa nyasi, na barafu ikipata viazi vikiwa bado na majani, majani yanageuka meusi kama yamechomwa na moto. Februari ni jua, nyasi ya ng'ombe inaisha, na ndio wakati wa kulima kungoja mvua. Pesa inatoka. Machi na Aprili masika yanaingia, unapanda: mbegu, mbolea, vibarua. Pesa inatoka tena. Mei mvua imeshika kabisa, shamba ni kijani, droni ingependeza sana hapo. Lakini Mei ndio mwezi wa ukungu, ule ugonjwa wa viazi unaopenda baridi na unyevu, na usipopiga dawa kila wiki ama kila baada ya siku kumi hivi, shamba linaweza kuisha ukiangalia. Pesa inatoka bado. Na hapo ndio muhula wa pili wa shule umeanza.

Kwa hivyo kutoka Januari hadi Juni, kama ulitegemea msimu wa masika peke yake, shamba halijakupatia hata shilingi. Ni wewe unalipatia.

Julai unavuna. Poa. Lakini jirani yako pia anavuna, na jirani wa jirani. Waru wengi wanaopandwa Kenya ni Shangi, na Shangi wako na tabia mbili: wanakomaa haraka, kama miezi mitatu hivi, na wakishavunwa wanaanza kuota haraka pia. Huwezi kuwaweka kwa stoo ungoje bei ya Oktoba. Broka anajua. Anakuja na lori akijua barabara yenu ni matope na huna mahali pengine pa kupeleka. Sheria ya mwaka wa 2019 inasema gunia la viazi lisipite kilo 50, lakini lumbesa bado inajazwa hadi inatoka kichwa juu, na bei ni ya gunia moja tu. Utakataa? Viazi vinaanza kuota na karo ya Agosti inakuja.

Sasa tupige hesabu, juu hesabu ndio inawadanganya watu kwa hizo video. Mse anakwambia ekari moja inatoa magunia 200, kila gunia elfu tatu, hiyo ni laki sita kwa miezi mitatu. Kichwa kinazunguka. Unaanza kuandika barua ya kuacha kazi.

Magunia 200 kwa ekari yanawezekana kwa mkulima aliye na mbegu safi, udongo mzuri, dawa na bahati. Lakini wastani wa Kenya ni kama tani 10 kwa hekta, na mara nyingi chini ya hapo. Hiyo ni magunia kama 80 ya kilo 50 kwa ekari. Tuseme wakati wa mavuno unauza kwa 1,500. Umepata 120,000. Sasa toa. Mbegu zilizothibitishwa ni magunia 16 kwa ekari, tuseme elfu tatu kila moja: 48,000. Mbolea ya bei nafuu, magunia manne kwa 2,500: elfu kumi. Dawa tuseme elfu kumi. Kulima, kupanda, kupalilia na kuvuna, tuseme 25,000. Unabaki na 27,000. Kwa sababu msimu mwingine unaanza Oktoba na unavunwa Januari ama Februari, hio pesa inakaa na nyinyi miezi sita. Gawa. Ni 4,500 kwa mwezi, ya watu wanne, na mmoja wao anavaa daipa.

Hio ni hesabu ya mwaka mzuri, wakati hakuna kitu kimeenda vibaya. Kumbuka mwaka wa 2024: mbolea feki ilifikia wakulima kupitia mpango wenyewe wa serikali wa bei nafuu, hadi waziri wa kilimo akapelekwa mbele ya kamati maalum ya Bunge. Mwaka huo huo masika yalileta mafuriko. Miaka miwili kabla ya hapo, sehemu kavu za nchi zilikuwa zimekosa mvua misimu mitano mfululizo. Kuna kapo fulani ilianza shamba katikati ya hayo yote, na hakuna droni ilienda kwao.

Sasa utaniuliza, kwani hakuna vijana wanafanikiwa? Wako. Nawajua mabeshte wangu, mtu na mkewe, wana mtoto wa miaka mitatu na mwingine mchanga, wako Kinangop mwaka wa nne huu. Nimekaa kwao mara kadhaa, na kitu nimeona ni kwamba viazi sio vinawaweka pale. Wanawekwa na ng'ombe mmoja ambaye maziwa yake yanalipwa mwisho wa mwezi. Wanawekwa na sukuma na mayai yanayouzwa kwa majirani kila wiki, na nduthi ambayo jamaa anaendesha jioni hadi stejini. Mke wake yuko kwa chama cha akina mama, na zamu yake ameomba iangukie Mei, sio Desemba kama wengine wanavyotaka. Viazi vikilipa, pesa inaenda kwa karo na mbegu ya msimu unaofuata. Haiguswi kwa unga.

Huyo mama hakusomea kilimo. Alikaa chini na kalamu akaangalia ni miezi gani shamba halilipi, akatafutia kila mwezi kitu kidogo. Na yeye ndiye anaamka saa kumi na moja kukamua, mtoto akilia, bwana akiwa ametoka. Hio kazi haionekani kwa video. Ukiona mama wa video anatabasamu na kikapu, ujue kuna mtu alichota maji na kukata nyasi kabla kamera iwashwe, na mara nyingi ni yeye.

Kuna swali lingine watu wanaogopa: shamba ni la nani? Hawa wangu wako kwa ekari moja na nusu ya baba ya jamaa. Mzee bado yuko, na hati ni yake. Hakuna kitu kibaya hapo, vijana wengi hawawezi kununua shamba. Lakini mke anapanda miti ya avokado ambayo itachukua miaka mitatu ama minne kuanza kuzaa vizuri, kwa shamba ambalo halina jina lake wala la bwana yake. Mambo hayo yanaongelewa na mzee na familia mapema, wakati watu wanapendana, sio siku ya matanga.

Najua mtasema Nairobi pia ni kusota. Ni kweli. Rent ni tarehe tano iwe jua iwe mvua, na mshahara ukichelewa unaingia Fuliza. Lakini Nairobi shida inakuja kila mwezi na pesa pia inakuja kila mwezi, hata ikiwa kidogo. Shamba linalipa mara mbili kwa mwaka, na watoto wanakula mara tatu kwa siku. Hio tofauti ndio inarudisha watu mtaani baada ya mwaka mmoja, wakiwa na deni na wakiwa na aibu, na tunawacheka ati walishindwa na jembe. Jembe waliliweza. Kitu hakuna mtu aliwaambia ni kalenda.

Na tulikuwa na somo tayari. Mnakumbuka kware wa 2014? Kila mtu alipigiwa hesabu ya mayai, akajenga vizimba. Bei ilipoanguka, waliotengeneza pesa ni wale waliouza ndege kwa wanaoanza. Siku hizi pia kuna watu wanalipwa na video ya shamba kuliko shamba lenyewe. Hio ni sawa, kazi ni kazi, mimi pia nakula kwa hii kontenti. Lakini basi wasema. Waseme Mei video ndio ilinunua unga.

Kwa hivyo kama wewe na mtu wako mnafikiria kwenda, msighairi. Chukueni karatasi, andikeni Januari hadi Desemba, na kando ya kila mwezi muandike kitakachoingia na kitakachotoka. Mahali kuna sufuri, tafuteni kitu kabla hamjafunga mizigo: ng'ombe, kuku, kazi ya mtandaoni, mmoja wenu abaki kazini mwaka wa kwanza. Kama sufuri ni nyingi, ngojeni msimu mmoja.

Na hio kapo ya droni ikitokea tena kwa simu yako, usiwatusi. Shuka kwa komenti uwaulize kwa heshima Mei walikula nini. Wakijibu vizuri, hao ndio wa kufuata.