Udongo Mweusi Haulei Kila Mmea

Katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, kuna imani iliyokita mizizi kwamba udongo wa huko unaotesha chochote kinachochomekwa ardhini. Imani hiyo ni ya uongo, na inawatia hasara watu wasio na cha kupoteza. Ndiyo inayomtuma mkulima kununua miche ya kakao kwenye kitalu cha Beni na kuipandisha kwa lori hadi vilima vya Butembo, kisha ikidumaa alaumu mbegu, mvua au kijicho cha jirani. Mche haukukosa rutuba, ulikosa usiku wenye joto.

Butembo iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, Beni karibu mita 1,100. Barabara kati ya miji hiyo miwili haifiki kilomita 60. Lakini kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 0.6, kwa hiyo tofauti inakaribia nyuzi 4. Binadamu huimaliza kwa kuvaa koti. Mkakao hauwezi, kwa kuwa asili yake ni misitu ya joto ya bonde la Amazoni, na hauvumilii usiku unaoshuka chini ya nyuzi 18 mwezi baada ya mwezi. Usiku wa Butembo ndivyo ulivyo.

Hata palipo na joto, kama Mbau, Oicha au Mutwanga, mkakao huharibiwa na imani hiyo hiyo. Msitu hukatwa wote ili udongo mweusi upate jua, kumbe mti huu kwao huishi chini ya miti mirefu, na ukiwa mchanga huungua usipopewa kivuli, angalau cha migomba. Ua lake ni dogo, huchipuka kwenye shina lenyewe, na huchavushwa na usubi wanaozaliana katika majani yanayooza chini. Shamba linalofagiliwa hadi udongo ung'ae hupendeza machoni, lakini limefukuza wadudu wanaoleta matunda.

Kinkina, mti ambao magome yake hutoa kwinini, unathibitisha jambo lile lile kutoka upande wa pili. Ulitoka katika miteremko ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na wakati wa ukoloni wa Wabelgiji ulipata makazi mazuri katika nyanda za juu za Kivu kwa sababu ya ubaridi, ukungu na udongo wenye asidi usiotuamisha maji. Ukiteremshwa kwenye joto la bonde la Semuliki, utakuwa umenyimwa mazingira hayo yote. Na hata Butembo kwenyewe, ukipandwa kwenye kinamasi chini ya kilima, mizizi yake huoza. Mkulima husubiri miaka mingi kabla ya kuvuna magome; kosa la siku ya kupanda huonekana wakati umri umekwenda.

Anayedhani rutuba ni baraka kwa kila mmea autazame mmea wa mtungi, Nepenthes, unaopatikana Asia ya Kusini-Mashariki, Madagaska na Shelisheli. Huota kwenye ardhi fukara, na majani yake hugeuka mitungi yenye maji ya kunasia wadudu, kwa kuwa mizizi haipati chakula cha kutosha. Ukitiwa samadi mizizini, unaweza kuungua na kufa. Kisiwa kimoja cha Borneo kina Nepenthes ampullaria katika misitu ya tambarare yenye joto, na Nepenthes rajah kwenye Mlima Kinabalu, kuanzia mita 1,500, penye usiku wa baridi. Wanaoikuza vizuri huanza kwa kuuliza kimo ilikotoka. Kwa kipimo hicho, ule wa mlimani ungefaa Butembo na wa tambarare ungefaa Beni.

Watetezi wa imani hii husema kwamba mahindi na maharage nayo ni wageni, na yameota kote. Ni kweli yameota, lakini kwa sababu vizazi vya wakulima vilichagua mbegu za mlimani na za bondeni. Viazi mviringo vinajaza masoko kutoka nyanda za juu za Lubero, wala hakuna anayevitafuta Semuliki. Kahawa pia imegawanyika: arabika, yenye asili ya misitu ya milima ya Ethiopia, imeshika Lubero na miteremko ya Ruwenzori, na robusta, ya misitu ya chini ya Afrika, imeshika tambarare. Wazee hawakupanda kila kitu kila mahali, walipima.

Kwa hiyo kabla ya jembe yaulizwe mambo haya: mmea unatoka kimo gani, usiku wa kwao una baridi kiasi gani, unaishi juani au kivulini, na maji hukaa au hupita mizizini mwake. Mbolea ifuate baadaye. Na kila mwenye kitalu Butembo na Beni amtajie mnunuzi kimo kinachofaa mche kabla ya kumtajia bei.