Kasongo na Kabambare: Makaratasi ya zamani yamefungika ndani ya ordinateri

Mtu anatoka Kabambare na fulashi mfukoni, anafika Kasongo, anaingia kwenye sekretariati. Ndani ya fulashi kuko foto ya baba marehemu na karatasi ya kiwanja, vyote vilipigwa skana miaka mingi nyuma. Telefone inakataa kuvifungua. Juu ya nini? Mara nyingi faili haijaharibika. Imehifadhiwa tu kwa namna ya zamani: PCX ao TIFF, ambazo telefone nyingi za Android hazizijui.

Kusini mwa Maniema, jambo hili si mchezo. Vita vya 1996 na 1998 vilitawanya watu, na upande wa Salamabila wakaaji wamekimbia tena na tena. Karatasi inalowa, inaungua, inapotea njiani. Kadi ya uchaguzi imesaidia watu wengi kama kitambulisho, lakini haisemi kiwanja cha mzazi kiko wapi. Basi ile kopi ya ndani ya ordinateri pengine ndiyo ushahidi pekee uliobakia.

PCX ilitoka Marekani miaka ya 1980, kwa kampuni ya ZSoft. TIFF ilitokea 1986. BMP ni ya Windows. Hiyo telefone inaweza kuifungua, ila uzito wake ni balaa. Kwa kawaida BMP haibani kitu, kila nukta inaandikwa nzima. Ukurasa mmoja wa A4 uliopigwa skana kwa nukta 300 kwa inchi, na rangi zote, unakula karibu megabaiti 26. Ukipigwa kwa nyeusi na nyeupe tupu, ni megabaiti 1 hivi. Kwa mtu anayenunua megabaiti kwa franka, hesabu anaielewa mwenyewe.

Kosa la kwanza linalofanyika ni kubadilisha jina: mtu anafuta .bmp, anaandika .jpg, anafikiri kazi imekwisha. Ndani hakuna kilichobadilika. Kosa la pili ni baya zaidi, kwani halionekani mara moja. JPEG inapunguza uzito kwa kutupa sehemu ya picha, na kila ukibadilisha kitu na kuihifadhi upya inatupa tena. Foto ya arusi itavumilia. Muhuri wa ofisi na sahihi nyembamba, hapana: vinaingia ukungu, na hapo mpinzani wa kiwanja anapata la kusema. Kuirudisha kuwa BMP kunaongeza uzito tu, kilichotupwa hakirudi. GIF nayo inabeba rangi 256 tu, uso wa mtu unatoka na madoa.

Kwa karatasi ya ushahidi, PNG ndiyo salama: inabana bila kutupa. IrfanView na XnView zinafungua hata PCX, hazihitaji intaneti, na zinageuza folda nzima kwa mara moja. Hilo lina maana kubwa pahali ambapo mashini inafanya kazi mpaka mafuta ya jenereta yaishe.

Mwenye faili asikubali ya zamani ifutwe mbele ya kufungua ile mpya kwenye mashini ingine na kusoma namba za muhuri. Na ikiwa itatumwa Kindu kwa WhatsApp, itumwe kama dokima, si kama foto. Ikitumwa kama foto, WhatsApp inaigeuza JPEG ndogo bila kuuliza mtu.