Eti "RAM ni RAM"!

Haya wadau, leo nina jambo langu na nimelikalia muda mrefu. Nilijiambia nitaliandika nikishapoa. Sijapoa.

Kuna sentensi moja ambayo ukizunguka Kariakoo, Mwenge, hata hapa kwetu Tegeta, utaisikia kabla hujamaliza kueleza shida yako: "RAM ni RAM." Unasema unataka kuongeza memori kwenye laptopu, unaulizwa GB ngapi, droo inafunguliwa, unatolewa kipande, unalipa. Basi! Hakuna anayeuliza mashine gani, prosesa ya kizazi gani, ndani mna nini tayari. Daktari wa namna hiyo tungemkimbia. Fundi wa namna hiyo tunamwita mtaalamu na kumpa namba kwa ndugu zetu.

Mwaka 2021 nilikuwa na EliteBook 840 G1 ya mtumba, RAM 4GB. Kazi yangu mnaijua: mahojiano yanacheza upande huu, naandika upande ule, na kurasa za mtandao zimefunguliwa kama genge la nyanya. Mashine ikawa inaganda kila nikikaribia mwisho wa habari. Nikapanda daladala kutoka Wazo mpaka Kariakoo, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo sina haja ya kuwasimulia. Sikwenda kichwa kitupu. Nilishasoma kwamba yangu inataka spidi ya 1600. Nikamwambia muuzaji, "Kaka, naomba DDR3 ya 8GB, iwe 1600." Akaniangalia kama nimemtukania ukoo. "Sista, RAM ni RAM. Hiyo hapo 1600, chukua."

Na kweli ilikuwa 1600. Kibandiko kiliandikwa PC3-12800, na hesabu yake ni rahisi: zidisha 1600 mara baiti 8 unapata 12800, yaani megabaiti kwa sekunde. Nikalipa elfu sabini. Risiti ya mkono ikaandikwa "RAM 8GB", nukta. Chini yake muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.

Usiku nikaifunga. Ikaingia vizuri, ikabana "tak!" kama inavyotakiwa. Nikawasha... kioo cheusi, na kataa ka Caps Lock kanapepesa tu. Nikaitoa, nikasugua meno yake kwa ufutio kama mafundi wanavyofanya, nikairudisha. Kataa kakaendelea kupepesa. Habari ilikuwa inatakiwa asubuhi. Nikaiandika yote kwenye simu, kwa kidole gumba, na ilipotoka ilikuwa na makosa ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona aibu.

Kosa lilikuwa herufi moja. Mashine yangu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, zile zenye herufi U mwishoni, na hizo zinataka DDR3L, inayotumia umeme wa volti 1.35. Niliyouziwa ilikuwa DDR3 ya kawaida, ya volti 1.5. Kibandiko cha inayofaa husomeka PC3L-12800. Hiyo L ndiyo ilikula usiku wangu. Na ubaya wake ni kwamba zote mbili zina pini 204 na pengo liko mahali pamoja, kwa hiyo mkono haukuonyi. Ungejaribu kuchomeka DDR4 kwenye nafasi ya DDR3 isingeingia kabisa. Hii inaingia, halafu inakataa kimya kimya. Kinyume chake hakina shida: DDR3L nyingi hufanya kazi hata kwenye mashine ya volti 1.5. Maana yake muuzaji angenipa yenye L bila hata kuniuliza swali, tungeishi kwa amani.

Sasa nisikilizeni, maana najua nitaambiwa nadai ya wazungu. Mimi naishi Wazo. Kiwanda cha saruji kiko hapo mlimani tangu 1966, na vumbi lake tunalijua kuliko tunavyojua marashi. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi huku, useme unataka saruji. Kijana wa dukani, ambaye huenda hata sekondari hakumaliza, atakuuliza: 32.5 au 42.5? Anataka kujua unapiga plasta au unamwaga zege la nguzo. Namba iko kwenye mfuko, kila fundi mwashi anaijua, na siku ukisikia mtu anasema "saruji ni saruji" ujue hiyo nyumba usipangishe. Kwa nini namba ya kwenye mfuko wa saruji iheshimiwe, na ya kwenye kipande cha memori chenye bei ya mifuko kadhaa idharauliwe?

Na kwenye spidi yenyewe tunaibiwa kwa njia nyingine. Mdogo wangu mmoja wa hapa mtaani, mwanachuo, ana laptopu yenye Core i5-6300U. Prosesa hiyo kwa DDR4 ukomo wake ni 2133. Akauziwa kipande cha 3200 na kuongezewa bei, eti "hii itapaa". Haikupaa popote. RAM hufuata kasi ambayo prosesa na mazabodi vinaiweza, na ukichanganya vipande viwili vya spidi tofauti, vyote vitatembea kwa mwendo wa kile cha polepole. Ni kama msafara wa harusi, mwendo ni wa gari bovu. Kilichomsaidia kijana ni kwamba sasa ana vipande viwili badala ya kimoja, na prosesa inavisoma kwa pamoja. Hilo faida yake ni kubwa, lakini angelipata hilohilo kwa kipande cha 2133, na chenji ikabaki. Kuna vya 3200 ambavyo mashine ya zamani haivikubali hata kidogo, yeye alibahatika tu.

Nimeshabishana na wauzaji juu ya hili. Hoja yao ni moja: wateja wenyewe hawajui, wanauliza bei tu. Ni kweli, hatujui. Lakini ndiyo maana tunakuja kwako! Wapo mafundi, tena wengi, watakaokuambia ufungue mashine kwanza wasome kibandiko cha kipande kilichomo. Kazi ya dakika tano. Mwingine atakufungulia Task Manager akuonyeshe spidi na nafasi ngapi zimetumika. Huyo mpe chai. Wa droo mkimbie.

Ninachotaka ni kidogo tu: risiti iandike aina, spidi na volti. "8GB DDR3L 1600 1.35V". Nusu mstari! Muuzaji akiandika hivyo hawezi kukana kesho, nawe huwezi kudai alichokuuzia ni kingine. Na ule muhuri wa hairudishwi sioni unavyomlinda mtu aliyempotosha mteja, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na sijaona mahali inaposema isipokuwa kama una muhuri.

Mtasema nimekuza jambo dogo. Sio dogo tena. Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi tunahangaika kurefusha maisha ya mashine hizihizi, na mwaka huohuo bei ya memori ilipanda dunia nzima kwa sababu viwanda viligeukia mitambo ya akili bandia. Kukosea kipande kimoja sasa kunauma kuliko 2021.

Kuhusu ile yangu: nilirudi dukani kesho yake, nikaonyeshwa muhuri. Ikakaa kwenye kopo la kalamu miaka. Mwaka jana jirani akaniletea laptopu ya kizazi cha tatu, inaganda, inamtesa mwanae na masomo. Nikachungulia kibandiko cha ndani: PC3-12800, volti 1.5, bila L. Nikaenda kwenye kopo, nikaipangusa, nikaichomeka kwenye nafasi iliyokuwa tupu. Ikawaka mara ya kwanza.