Mtoto Hasikii kwa Masikio Peke Yake



Ndugu zangu wazazi, pamoja nanyi vijana mnaosoma, leo naomba tuzungumze juu ya jambo lililonifika nyumbani kwangu, na nadhani limewafika wengi.

Jioni moja mwanangu wa miaka minane alirudi kutoka madrasa, hapa hapa Old Kampala, akiwa ameficha mkono wa kulia mgongoni. Nikamwambia aufungue, nikaona alama za fimbo kiganjani. Kosa lake lilikuwa nini? Ameshindwa kutofautisha kha na ghayn. Akaniambia, "Baba, wallahi nimesikiliza, lakini mimi nasikia zote ni moja." Madrasa siitaji wala ustadh simtaji, kwa sababu mtindo huu umeenea na sisi wazazi ndio tunaounyamazia.

Usiku ule nilikumbuka jinsi mwalimu wangu wa zamani alivyonifundisha herufi hizo hizo. Hakuwa na fimbo. Aliniambia niweke mkono kooni. Basi nikaona kwamba kiganja kile kilichochapwa ndicho kingeweza kumfundisha mwanangu.

JARIBU SASA HIVI

Weka vidole vyako kooni, taratibu. Sema "sss" kama mlio wa nyoka, halafu "zzz" kama nyuki. Utahisi koo limetulia kwenye ya kwanza na linatetemeka kwenye ya pili. Sasa sema kha, kisha ghayn. Zote mbili hutoka sehemu moja, juu ya koo, upande wa mdomoni. Lakini kha ni pumzi inayopita, na ghayn inatetemesha koo. Mtoto ambaye sikio lake halijaipata tofauti hiyo, vidole vyake vitaipata.

Halafu weka kiganja mbele ya mdomo, useme ka na ta za Kiarabu. Utahisi upepo. Maulamaa wa tajwid wamelijua jambo hili kwa karne nyingi. Herufi kumi ambazo pumzi hupita wameziita herufi za hams, na zilizobaki ni za jahr. Jaribio la koo halifai kwa kila herufi (qaf, kwa mfano, ina mambo yake), kwa hiyo ustadh bado ni wa lazima.

Kwa watoto wetu wa Kampala jambo hili lina uzito zaidi. Kiganda hakina kha wala ghayn. Mtoto anayezungumza Kiganda nyumbani hajawahi kuhitaji kuzitofautisha, na sikio lake limezoea sauti za lugha ya mama. Huo si ukaidi. Hata Waswahili wenyewe wanalo la namna hiyo: Mombasa watu hutamka paa mnyama kwa pumzi, na paa la nyumba bila pumzi. Vivyo hivyo kaa wa baharini na kaa la moto. Mgeni husikiliza mpaka achoke asione tofauti, lakini akiweka kiganja mbele ya mdomo wake akajaribu kutamka, huhisi.

WATAALAMU WAMEONA NINI

Sauti ni mtetemo. Sikio zima la kijana hupokea mitetemo kuanzia 20 hivi mpaka 20,000 kwa sekunde. Ngozi nayo huhisi mtetemo, ingawa huishia karibu na 1,000. Sauti ya koo la mwanadamu akizungumza mara nyingi huwa kati ya 100 na 300, yaani mahali ambapo sikio na mkono vyote vinafika.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Finland, Veikko Jousmäki na Riitta Hari, waliwaambia watu wasugue viganja vyao huku wakisikiliza mlio wa kusugua huko kwa spika za masikioni. Walipoongeza nguvu ya sauti nyembamba za mlio ule, watu walihisi ngozi yao imekauka kama karatasi. Mikono haikubadilika, kilichobadilika ni walichosikia.

Mwaka 2009 Bryan Gick na Donald Derrick wa Canada walionyesha kinyume chake. Waliwasikilizisha watu silabi kama "pa" na "ba" penye kelele, na wakati huo huo wakapuliza hewa kidogo sana kwenye mkono au shingo ya msikilizaji. Aliyepulizwa alielekea zaidi kusikia "pa", silabi ya pumzi, hata pale iliposemwa "ba". Ngozi ilichangia katika kile ambacho mtu alidhani amekisikia kwa sikio tu.

Kwa hiyo akili haifungui sikio peke yake ikafunga mlango wa mkono. Inakusanya habari kutoka kote, ndipo inaamua imesikia nini.

MAFUNDISHO TUNAYO

Sisi Waislamu hatukupaswa kusubiri maabara. Katika kisa cha Pango la Hira kilichopokewa na Bibi Aisha (r.a.), Jibril (a.s.) alimkumbatia Mtume (s.a.w.) kwa nguvu mara tatu akimwambia asome. Na Abdullah ibn Mas'ud (r.a.) amesimulia, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alimfundisha tashahhud huku kiganja chake kikiwa baina ya viganja vya Mtume, kama alivyokuwa akimfundisha sura ya Qur'an. Tazameni hapo: mwanafunzi anasikia, na mkono wake umeshikwa kwa upole.

WATAKAOPINGA

Wapo watakaosema, "Sisi tulichapwa na tukahifadhi." Ni kweli, wapo waliohifadhi. Lakini wale walioikimbia madrasa kwa sababu ya fimbo nani amewahesabu? Na sheria ya watoto ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2016, ikakataza viboko shuleni. Sioni kwa nini mtoto awe salama shuleni asubuhi, na jioni aogope mahali pa Qur'an.

Wengine watasema simu na kanda zinatosha. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary ametuachia kisomo kizuri kabisa, na mimi mwenyewe nakisikiliza. Lakini spika haitoi pumzi mtoto akaihisi, wala haiwezi kuona kwamba ulimi wake umekaa vibaya.

Wengine wataogopa suala la kugusana, na wana haki. Ndiyo maana nasema mkono uwe wa mtoto mwenyewe, kwenye koo lake na mbele ya mdomo wake. Ustadh haitaji kumgusa yeyote. Nyumbani, mzazi anaweza kumruhusu mtoto ashike koo la mama au baba.

NINALOOMBA

Kwanza, madrasa zetu, za kilima hiki chenye Msikiti wa Taifa na za mitaani kote, ziweke fimbo chini zinapofundisha herufi, na mkono wa mtoto uwe sehemu ya somo.

Pili, wazazi, mtoto akirudia kosa lile lile wiki baada ya wiki, mpelekeni apimwe masikio. Mimi nilichelewa. Daktari alikuta sikio moja la mwanangu limejaa majimaji baada ya mafua ya muda mrefu, na sauti hafifu za pumzi zilikuwa zikimpotea. Alikuwa anasema kweli, na alichapwa kwa kusema kweli.

Tatu, tuwakumbuke watoto viziwi. Katiba ya Uganda ya 1995 imetaja kuendelezwa kwa lugha ya alama, lakini ni madrasa ngapi tunazozijua zinazompokea mtoto kiziwi?

Mwanangu alitibiwa, alhamdulillah. Kila jioni baada ya Maghrib tunakaa mkekani, yeye ameshika koo lake na mimi nimeshika langu. Wiki iliyopita alisema ghayn, akanyamaza kidogo, kisha akacheka: "Baba, hii inanguruma!"

Allah atupe subira katika malezi. Wabillahi tawfiq.